Tarehe Tupu

4 Februari

Kitinda wangu,

Natumaini barua hii itakukuta na mikono yote miwili na vidole vyote kumi, maana tangu uniandikie kwamba unaingia ndani ya shimo la lifti na kurunzi mdomoni sina raha. Hapa tupo. Paa la chumba cha nyuma bado linavuja pale pale, nami bado naweka ndoo pale pale. Mtu akitaka kujua tabia ya ukoo wetu, aje aione ndoo hiyo.

Kazini wameleta sare za shule tatu kwa mpigo. Mimi nimepewa matundu ya vifungo yote, kwa kuwa msimamizi anasema mkono wangu hautetemeki. Mwenzangu wa mashine ya pili, yule mwenye maneno mengi, anasema hautetemeki kwa sababu sikuwahi kuolewa. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Kina mama wa Jumatano wanakuja bado, watano, saa kumi kamili. Tunakaa kimya nusu saa, kila mmoja na daftari lake magotini, kisha anayetaka anasema alichosikia kutoka kwa Bwana. Mchungaji ametutaja kanisani mbele ya watu wote, eti sisi ndio tunaoishi karibu na Mungu, na kwamba mimi ndiye niliyewafundisha wengine. Nilitamani kuingia chini ya kiti.

Na wewe je, bado unakaa kimya chako cha asubuhi kama nilivyokuzoesha? Barua tatu nimekuuliza, na barua tatu umenijibu habari za kebo.

La mwisho, na usimwambie wifi maana atalia. Nina uvimbe mdogo kwapani, upande wa kulia. Wala si wa kuzungumzia. Nimemweleza Bwana, nasubiri aniambie la kufanya.

Dada yako


27 Februari

Dada yangu,

Vidole vyote kumi vipo, kimoja kina plasta. Wifi yako anakusalimu sana. Mwanao naye anamsalimu shangazi yake. Amefaulu hesabu kwa mara ya kwanza, na tunashuku mwalimu amekosea kusahihisha.

Kazi ni ile ile. Jengo letu lina ghorofa kumi na mbili, na watu wa ghorofa zote kumi na mbili wanaamini kwamba kitufe kikibonyezwa mara kumi lifti huona aibu ikaja haraka. Juzi bibi mmoja alikwama kati ya ghorofa ya saba na ya nane. Tulimsikia anaimba tenzi humo ndani. Nilipofungua mlango akanitazama kwa hasira, akaniambia, "Umenikatiza, mwanangu, nilikuwa nimebakiza ubeti mmoja."

Sasa Dada, huo uvimbe. Una muda gani? Unauma? Unasema unasubiri uambiwe la kufanya. Mtu akiungua hangoji kuambiwa aondoe mkono. Usipoziba ufa utajenga ukuta: ni nani alinifundisha hilo kama si wewe? Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo pia lilitoka kwako. Hospitali iko vituo viwili tu kutoka karakana yenu. Ukichelewa utajuta, nasi tutajuta pamoja nawe, na mimi sitakusamehe. Nenda wiki hii.

Nimepiga simu mara nne hukupokea. Najua, unasema kwenye simu tunagombana na kwenye barua tunasikilizana. Basi nisikilize.

Kitinda


20 Machi

Kitinda,

Salamu zako zimefika, na za wifi, na mwambie mwanangu shangazi yake anaamini kabisa kwamba amefaulu kwa akili yake. Mvua imeongezeka, ndoo sasa ni mbili.

Umeniandikia kama mtu asiyeijua nyumba aliyolelewa. Katika nyumba hii hatukati kona bila kuuliza. Umesahau? Basi nikukumbushe, maana hadithi hii ni yako pia.

Mama alipofariki wewe ulikuwa na miaka tisa na mimi ishirini na minne. Yule mpima ardhi alikuwa ameshanichumbia, na kazi ilikuwa inamhamishia mbali. Moyo wangu ulikuwa umeshafunga mizigo, sikufichi. Nikakaa asubuhi tatu mbele za Bwana. Asubuhi ya tatu likaja neno moja: Baki. Sikulitaka. Nikasema moyoni, pengine ni huzuni yangu ya msiba inasema. Ndipo nikakukalisha wewe kwenye benchi, nikakupa daftari na penseli, nikakuambia usikilize, bila kukuambia jambo lenyewe ni lipi. Ulifumba macho mpaka uso ukakunjamana. Kisha ukaandika: Asiende. Mashahidi wawili, na mmoja wao mtoto asiyejua lolote. Siku hiyo hiyo nikamwambia mpima ardhi hapana.

Sijajuta hata siku moja. Ningejuta kama lingekuwa wazo langu. Halikuwa langu.

Kwa hiyo usinikimbize. Neno Lake nalijua lilivyo: huwa fupi, halina vitisho, na likishafika huacha utulivu hata likiwa chungu. Wewe umeniletea ukurasa mzima wa vitisho, na utulivu umeondoka nao.

Uvimbe sasa ni kama kifungo cha koti. Mwenzangu wa mashine ya pili aliuona nilipoinua mkono kufikia rafu ya nyuzi, na tangu siku hiyo ameacha kunitania. Hilo ndilo lililonitia hofu kidogo. Lakini bado sijaambiwa.

Hujanijibu habari za kimya chako.

Dada yako


9 Aprili

Dada yangu,

Sisi wote wazima. Sina habari nyingi.

Jumapili asubuhi niliamka kabla ya wenzangu, nikakaa jikoni na daftari. Sikuwa nikiomba jambo lolote. Likaja neno: Mwambie aende. Halikurudiwa. Nikabaki nimetulia kwa muda mrefu.

Nakuandikia kama lilivyokuja. Sina la kuongeza.

Kitinda


30 Aprili

Kitinda wangu, Kitinda, Kitinda,

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma nimesimama mlangoni na mfuko wa vitunguu mkononi, nikaisoma tena nimekaa sakafuni, na vitunguu vimetawanyika mpaka chini ya kabati. Mpaka leo kimoja hakijapatikana.

Kesho yake asubuhi nikaenda. Sikupita hata kazini kuaga. Daktari ni kijana, ana sauti ya upole na mikono ya baridi. Aliponigusa alikuwa anazungumza, kisha akanyamaza, kisha akaandika. Wamechukua nyama kidogo kwa sindano, majibu yatachukua wiki kadhaa. Siogopi hata kidogo. Nilirudi nyumbani naimba kwa sauti njiani mpaka muuza magazeti akaniuliza nimeshinda nini.

Sasa nikuambie jambo ambalo halijui mtu mwingine, si mchungaji, si kina mama wa Jumatano. Unayajua madaftari yangu: juu naandika tarehe, chini naandika nililosikia. Kitinda, huu ni mwaka wa kumi na moja chini ya tarehe hakuna kitu. Kila asubuhi nimekaa, hakuna niliyoiruka, hata zile za homa. Tarehe, halafu karatasi nyeupe. Zamani nilikuwa naamka na Bwana, natembea naye mpaka kazini, nashona naye. Nilikuwa naweza kutania kitu moyoni nikajua amesikia. Siku moja nikaamka nikawa peke yangu, na sijui nilikosa nini. Nimeyapapasa maisha yangu kama ninavyotafuta sindano iliyoanguka sakafuni, kwa kiganja, polepole, na sikuiona dhambi iliyomfukuza. Jumatano zamu yangu ikifika nasema leo nawapisha nyinyi. Wanasema ni unyenyekevu. Wakati mwingine sifa inauma kuliko tusi.

Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nimeachwa. Kumbe hakuniacha. Amepita kwako. Anaijua bado nyumba hii, ananijua mimi, anaujua hata mkono wangu. Sina wivu kwamba hakuniambia mwenyewe. Amesema kuhusu mimi, inanitosha kuishi na kufa.

Niandikie yote. Ilikuwa saa ngapi, ulikuwa umeelekea wapi, sauti ilikuwa ya ndani au ya nje? Usinipimie kwa mstari mmoja, nina njaa ya miaka kumi na moja. Na uendelee kukaa kwa ajili yangu, mdogo wangu. Muulize kama ana lingine.

Dada yako mwenye furaha


25 Mei

Dada yangu,

Nisamehe kwa kukawia. Lifti ya jengo la pili ilikatika breki. Hakuna aliyeumia, lakini tumeshinda shimoni wiki mbili, natoka mweusi kama chungu, na wifi yako ananivulisha viatu nje. Yeye alikuwa na mafua, amepona. Mwalimu wa mwanao hakukosea: amefaulu tena.

Majibu yametoka? Niandikie majibu kwanza, mengine baadaye. Nimefurahi sana kwamba ulienda. Huwezi kujua nilivyofurahi.

Kuhusu uliyoniuliza, ilikuwa asubuhi, sikutazama saa. Nadhani nilikuwa nimeelekea dirishani. Sijasikia lingine. Usinitegemee mimi katika hayo, Dada. Mimi ni fundi lifti.

Niandikie majibu.

Kitinda


12 Juni

Kitinda wangu,

Pole na kazi, na pole kwa wifi. Mvua zimekatika huku, ndoo zote mbili nimezitoa kuzianika. Kile kitunguu nimekipata. Harufu ndiyo ilinielekeza.

Majibu yametoka Jumatatu. Daktari alinikalisha, akaenda kufunga mlango mwenyewe, nami nikajua. Ni saratani. Imetoka kwenye titi na imeshatembea, imefika mpaka kwenye ini. Watanipa dawa za maumivu na dawa za kuvuta siku. Nikamuuliza, je, ningekuja mwaka jana? Akatazama kalamu yake. Akasema, "Mama, mwaka jana tungekuwa na mengi ya kufanya."

Kuna jambo sikukuambia. Sikuuona uvimbe huu Februari. Niliuona Juni ya mwaka jana, ukiwa kama punje ya mchele. Kila asubuhi kwa miezi kumi nilikaa na daftari wazi, nikamuuliza niende au nisiende. Tarehe mia tatu hivi, zote tupu. Sikwenda kwa sababu nilihofia kuutanguliza uoga wangu mbele Yake. Nilitaka, walau katika jambo hili moja, nitembee naye kama zamani.

Kufa si tatizo langu. Ningekufa vizuri sana wiki ile barua yako ilipokuja. Tatizo langu ni hili, na nimelizungusha kichwani tangu Jumatatu, kila upande linakata. Kama aliweza kukuambia wewe mwezi wa Aprili, alishindwa nini kuniambia mimi mwezi wa Juni? Nilikuwa nimekaa mbele Yake. Alikuwa ananiona. Alijua kwamba uvimbe unakua, aliutazama unavyotoka punje mpaka kifungo mpaka kwenye ini, na alinyamaza, na ilipokuwa haina maana tena ndipo akafungua kinywa, tena kwa mtu mwingine. Mimi nisingemfanyia hivyo hata paka.

Kuachwa nilikuwa nimekuzoea. Mungu anayechelewa kwa kusudi siwezi, Kitinda. Siwezi kwenda kukutana na wa namna hiyo. Nakuomba kwa ajili ya mama yetu, kaa, umuulize kwa nini alichelewa. Wewe anakujibu. Lolote atakalosema niandikie, hata likiwa la kunilaumu mimi. Lawama nitaipokea kwa mikono miwili.

Dada yako


28 Juni

Dada yangu,

Leo sianzi na salamu. Hakuchelewa. Hakusema kabisa.

Lile neno nililitunga mimi. Nilikuwa kwenye chumba cha mitambo juu ya paa, saa ya mapumziko, natafuna mkate. Vipimo ulikuwa umenipa mwenyewe: liwe fupi, lisitishe, liache utulivu. Nikalikata kwa vipimo vyako likakutosha. Nilitaka uende hospitali, basi. Nilifikiri utaenda, utatibiwa, utapona, na mimi nitakuja kuungama siku moja tukiwa wazee, tucheke. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia mlangoni kwa daktari wako.

Sikukaa jikoni Jumapili ile. Sina daftari. Umeniuliza mara ngapi habari za kimya changu cha asubuhi? Sijakaa tangu nilipoondoka nyumbani, miaka ishirini sasa. Kanisani naenda kwa ajili ya wifi yako na mtoto. Nasimama wakisimama, naimba wakiimba, narudi nilivyokwenda.

Kuna lingine, na hili ndilo limenifanya nichane barua nne kabla ya hii. Ile siku ya benchi. Ni kweli hukuniambia jambo lenyewe. Lakini mpima ardhi alipokuja kuzungumza nawe nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimsikia akisema mtoto tutamtafutia pa kukaa kwa ndugu. Nilijua yote, Dada. Uliponipa ile penseli sikusikia sauti ya mtu wala ya Mungu. Nilisikia moyo wangu unavyodunda, nikaandika kile nilichokuwa nakitaka. Mama alikuwa amekwenda, nawe ndiye uliyekuwa umebaki.

Nimetaka kukuambia miaka thelathini na minne. Kila nikija kukutembelea na kukuona umekaa mezani na sahani moja, nilijiambia, kesho asubuhi nitasema. Kesho asubuhi nilikuwa nafungasha. Umekuwa ukinilaumu kwamba siji mara kwa mara. Sasa umejua.

Mimi sijui kama Mungu alisema au hakusema katika nyumba yetu. Sina elimu hiyo. Najua tu kwamba mara mbili ulizolipokea neno kupitia kwangu, lilikuwa langu, la kwanza la uoga na la pili la uoga. Nitukane. Usinipe salamu. Lakini usimwone Yeye mkatili kwa sababu yangu.

Nikija utanifungulia? Nijibu hata kwa neno moja.

Kitinda


2 Agosti

Dada yangu,

Hujajibu, na sikulaumu. Nilimpigia mwenzako wa mashine ya pili. Anasema kila Jumatatu anakupeleka kuwekewa dawa, na kwamba umepungua. Nilimwomba akupe simu. Nikasikia anakuuliza, nikasikia jinsi ulivyonyamaza, kisha akarudi akaniambia umelala. Hajui kudanganya yule.

Wifi yako nimemwambia yote. Aliinuka akaenda kuanua nguo, na zilikuwa bado mbichi.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Ila nimeshindwa kufanya kazi. Jana nilisimama kwenye kizingiti cha shimo, ghorofa ya tisa, nimeshika spana, na nikasahau nimekwenda kukaza nini. Mwenzangu alinivuta kwa mkanda.

Niandikie hata kunifukuza.

Kitinda


3 Septemba

Kitinda,

Mwandiko huu usikutishe. Mkono wa kulia umevimba, naandika mistari mitatu napumzika. Karakana nimeacha. Matundu ya vifungo amepewa mwenzangu, na shule moja imeshalalamika kwamba vifungo havipiti. Anakuja kila siku jioni kuniogesha, na ananisema muda wote anaponiogesha, nami namwacha, maana nikiwa naye nasahau kidogo. Usisimame tena kwenye shimo ukiniwaza. Nisikie hivyo tena, nitakuja kukuchapa.

Barua yako ya Juni niliichana. Kesho yake nikaviokota vipande, nikavibana kwa pini, nikaisoma mpaka mwisho. Nimekukasirikia wiki saba. Yule mpima ardhi alikuwa akicheka, majirani wanafungua madirisha kuona kuna nini. Nilikuwa nimekisahau kicheko chake. Umenirudishia, na sasa hakina kazi. Yule wa miaka tisa nilimsamehe kabla sijamaliza ukurasa. Yule wa miaka arobaini na mitatu bado, usinikimbize.

Lakini kuna jambo hukulielewa. Umeniomba nisimwone Mungu mkatili. Simwoni mkatili. Simwoni. Ulipoliondoa neno lako umemwondoa na wa kumuuliza. Niliyafungua madaftari ya zamani, yale yenye maneno, nikayasoma yote kwa siku nane. Yamejaa mwandiko wangu. Neno Baki limeandikwa kwa mwandiko wangu, na nikilitazama nakumbuka asubuhi ile nilivyokuwa nawaza ni nani atakuamsha uende shule. Sijui tena lipi lilikuwa Lake. Pengine yote. Pengine hata moja. Ningekuwa na miaka mingine arobaini ningejaribu kuyachambua.

Mchungaji alikuja. Akaniambia kimya nacho ni jibu. Nikamwambia, Mchungaji, maneno hayo nimewagawia watu miaka kumi na moja, na nimegundua yanamfariji yule anayeyasema. Akamaliza chai yake akaaga. Ni mtu mwema, sikupaswa kumjibu vile.

Jumatano iliyofuata nikawaambia kina mama kwamba mwalimu wao hajasikia kitu tangu kabla hawajamjua. Wawili walilia. Wawili hawajarudi, na mmoja wao amekwenda kusema mtaani kwamba ugonjwa huu ni matokeo ya uongo wangu. Wa tano, yule anayesinzia kila mara, akasema hata yeye hajawahi kusikia chochote, alikuwa anapenda tu kupumzisha miguu. Nilicheka, Kitinda. Siku hizi kucheka kunaniuma, lakini nilicheka.

Asubuhi bado nakaa. Usije ukawaambia watu ni imani. Mwili umezoea, saa hiyo haujui pengine pa kwenda. Naandika tarehe. Zamani nilikuwa nasikiliza. Sasa namwambia tu, kama yupo, kwamba ninaumwa na ninaogopa, na kwamba nilimpenda sana. Kisha nafunga daftari. Hakuna kinachobadilika chumbani.

Daktari alinihesabia miezi kwa vidole, na hakufika kidole cha tatu. Njoo. Usiniletee mtu wa kuniombea. Usiniletee neno. Wala usije kuniomba msamaha, utanichosha. Njoo ukae na mimi asubuhi, nusu saa. Tukimaliza nitakuuliza umesikia nini, na safari hii utanijibu kweli: sijasikia kitu, Dada. Nataka nilisikie hilo kwa sauti ya mtu, kabla sijafa, ili nami niweze kusema: hata mimi.

Mlango wa mbele umekwama kwa unyevu. Zunguka nyuma.

Dada yako